Muswada wa Mashimo

Polgarrow, Cornwall
24 Novemba 1985

Mpendwa mdogo wangu Denzil,

Huku tunapumua. Mama anakusalimu na ameniagiza niandike kama alivyotamka: "Mwambie avae fulana ya ndani, na asile chakula cha bungeni, hakina chumvi." Goti la kushoto linamtesa lakini mdomo hauumwi hata kidogo. Hedley wangu bado anakwenda mgodini, ingawa tangu bei ya bati ianguke mwezi uliopita wanaume wa hapa wanatembea kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Kwaya imeanza mazoezi ya Krismasi na sauti ya tatu haina watu. Ungekuwa hapa, ungeijaza.

Tulikusikia redioni. Mama alipiga meza kijiko kikaruka. Mamia ya wabunge wametumbukiza majina yao kwenye bahati nasibu, yamechomolewa ishirini, na la kwako ni la tisa! Yaani mwaka huu wewe, usiye waziri wala mtoto wa lodi, una ruhusa ya kupeleka bungeni muswada wako mwenyewe.

Sina haja ya kukuambia muswada upi. Lakini nitakuambia, kwa sababu kwenye simu huwa unaniwahi na "nimekuelewa, dada" kabla sijamaliza.

Machi ijayo itatimia miaka miwili. Tamsin alitoka na mbwa saa nne asubuhi. Alipita njia ya miguu ya umma, ile iliyochorwa kwenye ramani ya serikali. Mbwa alirudi. Ulikuwepo kwenye uchunguzi wa kifo, ulikaa kushoto kwangu, ulisikia. Mwenye shamba alisema yake ni nyasi tu, shimo ni la kampuni ya mgodi. Kampuni ilikufa kabla babu yetu hajazaliwa. Halmashauri ikasema ile ni ardhi ya mtu binafsi. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na tisa, akafia kwenye shimo lisilo la mtu.

Basi tafuta sheria itakayolipatia shimo mwenyewe. Ndilo ombi langu. Sijawahi kukuomba kitu tangu nianze kukugongea milango ya watu nikiomba kura zako, na hiyo ni miaka tisa.

Dada yako,
Loveday


Bungeni, London
9 Desemba 1985

Dada yangu Loveday,

Mwambie Mama fulana nimevaa, mbili. Philippa wangu anawasalimu, amerudi kufundisha na anasema watoto wa darasa lake wana adabu kuliko wenzangu wa huku. Nimemkosa Hedley mara mbili kwenye simu. Najua hapendi simu. Msalimie.

Ulipoandika barua ile, mimi tayari nilishaamua. Siku mbili baada ya bahati nasibu alinijia kijana wa wizarani na karatasi kwenye mkoba, muswada uliopikwa tayari, kuhusu namba za matrela ya kulala likizoni. "Ubebe huu, Mheshimiwa," akaniambia, "serikali itausukuma mpaka mwisho, na jina lako litakuwa kwenye sheria." Nikamwambia ninao wangu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekataa keki.

Wetu una kurasa tatu. Kila mwenye ardhi ataorodhesha mashimo ya zamani na kuyawekea uzio. Shimo lisilo na mwenyewe, halmashauri italiziba na serikali itachangia. Wabunge kumi na mmoja wametia saini kuniunga mkono, wengine wa upinzani. Tumepewa Ijumaa ya tarehe 21 Februari. Sisi ni wa pili siku hiyo, hivyo kuna muda.

Niachie mimi, dada.

Denzil


Polgarrow
2 Machi 1986

Mpendwa Denzil,

Mama alishikwa na kifua wiki mbili, sasa anakaa na kugombana na daktari, kwa hiyo amepona. Theluji ilifunga barabara ya juu. Mgodi umepunguza watu sitini. Hedley amebaki, yumo kwenye pampu, kwa sababu maji hayajui bei ya bati.

Hansadi uliyonitumia, hiyo kumbukumbu ya yote yanayosemwa bungeni, imefika. Nimeisoma mara tatu. Nilianza kwa miwani yangu, nikaazima ya Mama, nikidhani tatizo ni macho.

Nieleze kitu. Muswada wa kwanza siku hiyo ulihusu maduka ya wanyama wa kufugwa. Sawa. Mbunge mmoja akasimama akaongea saa moja na dakika hamsini. Nimehesabu kurasa. Aliongea juu ya kasuku wa shangazi yake. Akaeleza kasuku alivyokuwa akila, alivyokufa, na alivyozikwa. Hakuna aliyemwambia, "Bwana, keti." Ikagonga saa nane na nusu mchana, mjadala ukafungwa kisheria, karani akasoma jina la muswada wako. Kisha Hansadi inasema hivi tu: "Waheshimiwa Wabunge: Napinga."

Basi! Neno moja, na mmekwenda zenu nyumbani.

Hedley aliuliza, "Wamejadili nini?" Nikamwambia, "Kasuku." Akachukua kofia akatoka. Hajaniuliza tena.

Ni nani aliyesema neno lile? Mwenye kasuku ametajwa jina lake na jimbo lake. Huyu hakutajwa. Nataka jina.

Loveday


Bungeni
19 Machi 1986

Dada yangu,

Nashukuru Mungu kwa habari ya Mama. Nimemwandikia kadi yake peke yake. Najua pia wiki hii ni wiki gani. Philippa aliwasha mshumaa kanisani Jumapili. Mimi nilikaa tu.

Hasira yako ni halali, lakini sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda huku. Ikishapita saa nane na nusu hakuna tena mjadala. Majina ya miswada iliyobaki husomwa moja moja. Asipokuwepo hata mtu mmoja wa kupinga, muswada unapita hapo hapo. Akiwepo mmoja, umekwama, na haulizwi sababu. Mwenye muswada anataja Ijumaa nyingine na tunajaribu tena. Ndivyo ilivyokuwa kabla yangu na itakuwa hivyo baada yangu. Miswada mizuri imewahi kupenya kwa njia hii, siku ambayo wapingaji wamechoka au wamewahi treni.

Jina la aliyepinga halitakusaidia. Si chuki ya mtu binafsi. Nitautaja kila Ijumaa inayoruhusiwa mpaka Julai.

Nakuomba kitu kimoja: usiandike kwenye magazeti kwa sasa. Ninazungumza na watu, kimya kimya. Makelele yanawakaza shingo.

Denzil


Polgarrow
27 Aprili 1986

Mpendwa Denzil,

Mama mzima. Ametengeneza keki ya zafarani kwa ajili ya Pasaka na kuila karibu yote kabla ya ibada. Kwaya tuliimba vibaya.

Ijumaa nyingine mbili zimepita, na Hansadi zote mbili zina neno lile lile. Nimeanza kuliota.

Huku nako hatukukaa. Ng'ombe jike wa akina Rosewarne alitumbukia mwezi huu, shimo jingine, hatua mia mbili kutoka lile letu. Walimsikia siku mbili. Siku ya tatu hawakumsikia. Basi Hedley akatoka ghalani na nguzo na seng'enge, nami nikabeba nyundo. Tumelizungushia la Tamsin uzio. Ilituchukua Jumamosi nzima. Ni mara ya kwanza yeye kufika pale tangu siku ile.

Jumatano imekuja barua ya halmashauri. Nakunakilia: "Uzio uliojengwa bila kibali unazuia njia ya miguu ya umma. Unatakiwa kuuondoa ndani ya siku kumi na nne." Shimo halizuii njia, Denzil. Uzio ndio unazuia.

Nikalipeleka jambo hili kwenye mkutano wa tawi la chama. Mimi ndiye katibu, niliandika ajenda kwa mkono wangu. Mwenyekiti Carlyon akaliruka. Nikasimama.

"Mwenyekiti, umeruka namba tano."

"Loveday, mpenzi, si mahali pake hapa."

"Mahali pake ni wapi? Halmashauri wanasema ni bungeni. Bungeni wanasema neno moja."

"Usimtie mdogo wako aibu," akasema. "Ana mambo mazuri yanamjia. Usimharibie."

Mambo gani mazuri yanakujia? Nakuuliza wewe kwa sababu yeye aliziba mdomo haraka, kama mtu aliyeng'ata ulimi.

Na bado nataka jina.

Loveday


London
6 Juni 1986

Dada yangu mpendwa,

Samahani kwa ukimya, kazi zimekuwa nyingi. Bustani yetu imechanua vizuri mwaka huu. Philippa ana mafua. Heri ya siku ya kuzaliwa kwa Mama, miaka themanini na minne si mchezo. Zawadi iko njiani, ni shali. Nimepewa jukumu dogo la nyongeza huku, si la kuzungumzia, ila linanila muda.

Muswada bado uko kwenye orodha, tarehe 4 Julai. Kuhusu uzio, nadhani ni busara kuutoa.

Wako,
Denzil


Polgarrow
7 Julai 1986

Denzil,

Mama anasema asante kwa shali. Amesema ni nzuri na inawasha.

Ijumaa nilikuwa London. Hukujua, kwa sababu sikukuambia. Nilitaka kulisikia neno lile kwa masikio yangu na kuona mdomo unaolitoa. Nilimwambia Hedley nakwenda Truro kununua viatu. Alinifungia mkate na jibini na akanipa koti lake la mvua, kwa hiyo nadhani alijua.

Nilipanga foleni na watalii wa Kijerumani. Nilipekuliwa mkoba. Nikakaa roshani ya wageni, safu ya pili, chini yangu kukiwa na Bunge lenu. Denzil, mle ndani hamna watu! Viti vya kijani vinang'aa, na wabunge kumi na wawili, wawili wamelala. Nimewagongea watu milango kwenye mvua miaka tisa nikiwaambia kila kura ina uzito.

Mlangoni alisimama mlinzi mzee, koti jeusi la mkia, mpole. Nilimuuliza kwa kunong'ona, "Bwana Nancarrow anakaa wapi?"

"Mbunge wa Cornwall? Kwa kawaida safu ile ya tatu, mama. Leo simwoni."

Nikasema utakuja. Saa nane na robo nikasema utakuja. Saa nane na dakika ishirini na tano nikaanza kutazama kila mlango, kama ninavyotazama lango la shamba mpaka leo.

Ikagonga. Naibu Spika akasimama, karani akaanza kusoma majina ya miswada. Wa kwanza: mtu mmoja mnene wa mbele, mwenye karatasi gotini, akasema "Napinga" bila kuinua kichwa. Wa pili, "Napinga." Wa tatu. Anaweka alama ya penseli kila mara, kama anakagua magunia. Basi nikamwona. Ndiye. Nikamkodolea macho.

Karani akasoma: Muswada wa Mashimo ya Migodi Iliyoachwa.

Yule mtu hakusema kitu.

Nilisikia saa ya ukutani. Nikainuka nusu kwenye kiti. Nikajiambia, hakupinga, Mungu wangu, hakupinga, umepita. Naibu Spika akatazama safu yako. Akatazama kulia na kushoto. Ilihitajika mtu mmoja tu wa kuinamisha kichwa na kusema, "Naam, naomba usomwe." Yeyote. Mimi ningeweza, ningeiruka ile roshani.

Naibu Spika akasema, "Haukuwasilishwa." Karani akasoma jina linalofuata. Yule mnene akasema, "Napinga."

Nilitoka nje kwenye ngazi. Yule mlinzi akanifuata akaniletea maji kwenye kikombe cha karatasi.

"Yule mwenye penseli ni nani?" nikamuuliza.

"Mmoja wa wanadhimu wa serikali, mama. Hao ndio wanaowapanga wabunge wa chama wapige kura wapi. Ijumaa kazi yake ni neno moja."

"Mbona ule wa mashimo hakuupinga?"

"Hakuwa na haja. Alijua mwenye muswada hayupo."

"Alijuaje?"

Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Bwana Nancarrow amefuatana na Waziri leo, kufungua barabara huko Kent. Ni msaidizi wake wa bungeni tangu Mei. Hukusikia?"

Mlinzi wa mlangoni alijua. Mimi nilipewa habari za bustani.

Sitaki jina tena.

Loveday


London
15 Agosti 1986

Dada Loveday,

Mama, Hedley, wewe: nawasalimu wote na sijui kama nina haki. Nimeandika barua hii mara tano, na zile nyingine nne zilikuwa na maelezo mazuri.

Mapema Mei mnadhimu aliniita kwenye kile chumba chao kidogo. Alinimiminia chai. Akasema Waziri anatafuta msaidizi, mtu mtulivu, mtu wa mikoani. Unajua kazi yenyewe ilivyo: haina mshahara, unabeba mafaili, unakaa nyuma ya Waziri na kumpenyezea vikaratasi. Lakini wote waliokuwa mawaziri walianzia pale. Nilikuwa nimekaa viti vya nyuma miaka tisa. Kila nikisimama kuzungumza, watu wanakwenda kula.

Hakuniambia nichague. Angeniambia, ningepata la kujibu. Tulizungumza mvua, tukazungumza kriketi. Nimeshafika mlangoni ndipo akasema, "Ule muswada wako wa mashimo, Denzil. Unapumzika Julai, siyo?"

Nikasema, "Nadhani."

Ndiyo hivyo. Hata mimi nilihitaji neno moja tu. Serikali haikutaka kuchangia kuziba mashimo ya Cornwall kwa sababu baada yake yangekuja ya Wales na ya kwingineko. Yule mwenye kasuku naye alipangwa. Nilijua tangu Februari. Nilijua jina ulilolitaka na sikukupa kwa sababu ni mtu ninayekula naye chakula cha mchana.

Nilijiambia nikiwa ndani nitafanya mengi zaidi. Sasa niko ndani. Ninajua Waziri anapenda chai ya aina gani.

Siku ile Kent nilishika mkasi wa kukatia utepe. Saa nane na nusu nilitazama saa yangu. Nataka ujue kwamba nilitazama.

Denzil


Polgarrow
3 Septemba 1986

Kwa Mheshimiwa Mbunge,

Salamu leo sina. Mama anazo, ameandika mwenyewe, zimo kwenye bahasha nyingine pamoja na shali.

Naandika kama mpiga kura wa jimbo lako kukujulisha yafuatayo. Nimejiuzulu ukatibu wa tawi. Halmashauri iliondoa uzio wetu tarehe 20 Agosti, wanaume watatu na lori. Hedley alisimama akawatazama mpaka wakamaliza, kisha akawasaidia kupakia nguzo ili wasimvunjie moja. Mzee Trudgeon, diwani wetu, alifariki mwezi uliopita na kiti chake kiko wazi. Uchaguzi mdogo ni tarehe 9 Oktoba. Nimechukua fomu. Nasimama bila chama.

Sihitaji msaada wako.

Loveday Hosken (Bi.)


London
25 Septemba 1986

Dada,

Barua ya Mama nimeipata. Sitarudia alichoandika.

Carlyon amenipigia simu mara tatu. Anataka kijikaratasi cha kampeni cha mgombea wa chama kiwe na barua yangu na saini yangu. Ameniambia mbunge asiyemuunga mkono mgombea wa chama chake kwenye jimbo lake mwenyewe, asishangae tawi likitafuta mgombea mwingine mwakani. Nimemwambia nitafikiri.

Unaendeleaje na kampeni? Vaa viatu vizuri, barabara ya Rosewarne ni tope tupu.

Denzil


Polgarrow
12 Oktoba 1986

Denzil,

Mama anakohoa tena lakini siku ya kura alibebwa kwenye kiti mpaka ukumbi wa kanisa, na njiani alikuwa anapunga mkono kama malkia. Hedley alinitengenezea mabango kwa nguzo za ule uzio. Tulirudishiwa.

Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nafagia ukumbi wa nyumba. Kijikaratasi kikaingia kwa tundu la barua kikaanguka juu ya vumbi langu. Picha ya kijana wa chama anayeuza bima, na chini yake: "Ninamfahamu, ninamwamini, nawaomba mumpigie kura. Denzil Nancarrow, Mbunge." Saini ni yako. Hiyo D yako yenye mkia, nilikufundisha mimi kuiandika, kwenye meza hii hii.

Nilikaa chini kwenye ngazi na ufagio mkononi. Sikulia. Nilikasirika mpaka meno yakauma. Kisha nikavaa koti, nikachukua kile kijikaratasi, nikaenda nacho mlango kwa mlango. Kila aliyefungua nilimwonyesha. "Huyu ni mdogo wangu," nikamwambia, "anakuomba usinipigie kura. Mimi naomba unipigie." Bibi Rosewarne alisoma, akanitazama, akasema, "Pumbavu zake, ingia unywe chai." Walicheka, Denzil. Nami nilicheka nao, na kila nilipocheka nilitamani kukupiga.

Nimeshinda kwa kura thelathini na moja.

Loveday


London
20 Oktoba 1986

Dada yangu,

Hongera. Niliambiwa na Carlyon, alipiga simu akanipa idadi ya kura kisha akakata bila kuaga. Philippa alipiga makofi jikoni. Haongei sana na mimi tangu aone kile kijikaratasi, kwa hiyo yalikuwa ya kwako.

Nilitia saini. Sina la kuongeza.

Ijumaa nilimrudishia Waziri mafaili yake. Aliuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Mnadhimu alinipita kwenye korido kama nguzo. Mwezi ujao kuna bahati nasibu nyingine ya miswada na nimeshaandika jina langu. Nikichomolewa, nitauleta ule ule, kurasa tatu zile zile, nami nitakuwepo.

Sikuombi kitu.

Denzil


Polgarrow
15 Machi 1987

Mpendwa Denzil,

Mama analala vizuri tangu dawa zibadilishwe, na jana baada ya wewe kuondoka alisema umekonda. Hedley anaumwa mgongo, hasemi, ila anakaa wima kama mchungaji.

Jana pale shimoni nilikuwa na mengi ya kusema na watu walikuwa wengi. Sasa nimetulia, nayasema.

Nilikucheka kimoyomoyo Novemba bahati nasibu ilipokuacha. Nisamehe kwa hilo. Sikujua kinachonisubiri. Hoja yangu ya kwanza kwenye halmashauri ilipelekwa kamati ya barabara. Barabara wakasema ni ya mazingira. Mazingira wakasema ni ya sheria. Mwanasheria alikuwa likizo. Kuna diwani wa Camborne anayeweza kuzungumzia mapipa ya takataka mpaka jua lizame, na sikuwa na pa kukimbilia, nilikuwa nimekaa naye kiti kwa kiti. Kuna siku nilitaka kupinga hoja ya mtu kwa sababu tu nilikuwa na hasira naye. Mkono ulishainuka. Niliurudisha chini, lakini uliinuka, Denzil.

Miezi mitano, na nimepata shimo moja la kuzibwa, lile la Tamsin. Moja kati ya arobaini na matatu ya kata hii, na hilo ni kwa sababu mpimaji alikuta ukingo wake uko hatua tano tu kutoka njia ya umma. Wamenipa hilo ili ninyamaze. Sitanyamaza.

Nilikuandikia kwamba ukija uje kama mjomba wake, na nikimwona mpiga picha nitamtupia zege. Ulikuja na treni, peke yako, na viatu vya mjini. Nilikuona ukisimama kwenye lango, hujui uingie au urudi. Sikukuita. Nilitaka kuona utafanya nini, na pia nilitaka usimame pale kidogo.

Kisha Hedley akaenda akakupa glavu. Nilikuwa mbali, sikusikia alichokuambia. Nimemuuliza jana mezani. Amesema, "Nilimwambia toroli lina gurudumu bovu, alisukume upande wa kushoto." Tangu mwanetu afe hajakuambia maneno mengi kiasi hicho.

Ulisukuma lile toroli saa nne nzima. Nilikuona ulipofika ukingoni mara ya kwanza, ukachungulia, ukarudi nyuma ukashika kifundo cha mkono wako kwa mkono mwingine. Mimi nilifanya hivyo hivyo siku ile ya uzio. Nilikuona pia wanaume wa halmashauri walipomwaga zege la mwisho na kulisawazisha kwa ubao, ukavua kofia. Carlyon alikuwa kando ya barabara ndani ya gari lake, vioo vimefungwa. Sijui kama ulimwona. Nadhani ulimwona.

Sikukushukuru jana na sikushukuru leo. Ijumaa ile utakuwa nayo maisha yako yote, nami pia. Lakini ulipoondoka Mama aliniuliza, "Amekula?" nikamwambia ndiyo, nilimfungia pai mbili za kula kwenye treni. Ndipo nikagundua kwamba nilikufungia.

Redioni wanasema uchaguzi mkuu unaweza kuitwa kabla ya kiangazi kuisha, na Carlyon anatembea na majina ya watu wengine mfukoni. Wakikuacha, utajua la kufanya. Wakikusimamisha, najua utaniuliza, si kwa barua bali kwa lile jicho lako la mdogo wa nyumbani. Bibi Rosewarne ameshaniuliza. Nimemjibu nitakavyokujibu wewe.

Nitakwenda ukumbi wa kanisa asubuhi mapema, nimevaa koti langu zuri. Nitapewa karatasi. Nitaingia kwenye kile kibanda, nitavuta pazia, na nitachukua muda wangu. Nitakachoandika ni siri. Katika mambo yenu yote, hilo ndilo pekee ambalo bado ni langu.

Dada yako,
Loveday